Lengo Lililotimia Kabla ya Chakula cha Mchana

Umoja wa Watoa Huduma kwa Waajiri wa Kanda ulikuwa na kila kitu ambacho umoja unaojiheshimu unatakiwa kuwa nacho. Ulikuwa na nembo ya mikono miwili inayoshikana, kibendera cha mezani, mhuri wa duara, mwenyekiti anayependa kuitwa mheshimiwa, na malengo ya mwaka. Ulikuwa pia na mtendaji mmoja, mwanamke wa makamo aliyepewa jina la Bi Ratiba, ambaye kazi yake ilikuwa kila kitu kilichobaki.

Wanachama walikuwa watu wa shughuli za maana: wenye kampuni za walinzi, wenye kampuni za usafi, mawakala wa kutafutia watu ajira, na bwana mmoja aliyekodisha mashine za kupoza maji ya kunywa maofisini, ambaye nadhani aliingia humo kwa sababu tu alipenda mikutano. Wote hao waliishi kwa kuwahudumia waajiri, na kila walipopata nafasi waliwafundisha waajiri hao jinsi ya kukaa vizuri na wafanyakazi wao. Lengo lao la kwanza, mwaka nenda mwaka rudi, lilikuwa kuhimiza kila mwajiri katika kanda ampe kila mfanyakazi wake mkataba wa maandishi. Walikuwa hata na mkataba wao wa mfano, umechapishwa kwenye karatasi nene nzuri, unauzwa kwa yeyote anayetaka kuwa mwajiri bora. Bi Ratiba ndiye aliyeutia kwenye bahasha na kuupeleka posta. Yeye mwenyewe hakuwa nao. Kinyozi hajinyoi, wanasema, na kinyozi huyu alikuwa amefuga nywele kwa miaka kumi na moja.

Alipoanza, aliambiwa ashike nafasi kwa wiki mbili tu, mpaka apatikane mtu. Mtu hakupatikana, maana hakutafutwa. Wiki mbili zikazaa miezi, miezi ikazaa miaka, na Bi Ratiba akawa bado anamshikia nafasi mtu anayekuja, kwa posho ya mwisho wa mwezi. Ofisi ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Chini walipima misumari kwa mizani, juu Bi Ratiba alichapa kumbukumbu za vikao, na harufu ya rangi ya mafuta ilipanda ngazi ikakaa naye mchana kutwa. Funguo zote alikuwa nazo yeye: za mlango, za kabati, za sanduku la projekta, hadi za choo. Siku alipokuwa anamzika mama yake, simu ilimlilia mfukoni udongo ukiwa haujasawazishwa. Alikuwa Mwenyekiti. Alimpa pole kwa maneno mazuri sana, kisha akauliza ufunguo wa projekta uko wapi.

Sasa lazima nieleze desturi moja ya umoja huu, maana bila hiyo mtu hawezi kuelewa lililotokea. Mwenyekiti wa kwanza, muasisi, alikuwa amechoshwa na wasemaji, wale wanaosimama kikaoni na mawazo kumi wakikaa hawana hata moja la kutenda. Akatangaza sheria: mwenye wazo ndiye mwenye kazi. Ukitaja lengo, umekabidhiwa lengo, utalisimamia wewe na kulitolea ripoti wewe. Ilionekana ni busara kubwa. Na kweli, madebe matupu yaliacha kuvuma. Tatizo ni kwamba na yaliyojaa yaliacha pia.

Tangu hapo, kikao cha malengo kikawa mashindano ya kunyamaza. Watu wazima wenye magari makubwa walikaa wameinamisha vichwa kama wanafunzi ambao hawakufanya kazi ya nyumbani. Aliyekuwa na wazo alimnong'oneza jirani, akiomba Mungu jirani alitaje kwa sauti. Jirani naye hakuwa mjinga. Mwaka mmoja bwana wa mashine za maji alifuta jasho akasema, "Jamani, joto hili!" Kabla hajarudisha leso mfukoni alikuwa ameshaandikwa kuwa msimamizi wa lengo la kununua feni. Feni hazijaja mpaka leo, ila ripoti yake inasema mchakato unaendelea vizuri.

Kwa hiyo malengo yalikuwa yaleyale. Bi Ratiba alifungua ya mwaka uliopita kwenye kompyuta, akabadilisha mwaka, akayachapa upya, na wanachama wakayapitisha kwa makofi. Kuhimiza mikataba. Kuongeza wanachama. Kuimarisha mawasiliano, jambo ambalo kwa watu wasiotaka kufungua midomo lilikuwa na ugumu wake.

Mwaka ninaousimulia, Bi Ratiba hakuwa na nafasi moyoni ya kuyacheka hayo. Binti yake, mwanawe wa pekee, alikuwa mjamzito. Alikuwa mwalimu, ameolewa mji wa mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi. Mimba ya kwanza ilikuwa imeharibika ikiwa kubwa, na mama mtu alifika baada ya kila kitu kwisha, kwa sababu palikuwa na semina. Hilo hakujisamehe. Sasa ya pili ilikuwa mwezi wa nane, daktari amemwambia alale, asiinue hata ndoo, na mume ni dereva wa malori, leo yuko mpakani kesho hajulikani.

"Mama, njoo tu," binti alimwambia kwenye simu. "Sitaki unifanyie kitu. Nikizinduka usiku nataka kujua upo."

Bi Ratiba alitaka mwezi mmoja. Tangu aajiriwe, kama neno hilo linafaa, hakuwa amechukua likizo hata ya kwenda kusuka nywele. Akavaa gauni lake la heshima, akaenda kumwona Mwenyekiti kwenye kampuni yake ya walinzi, ambako askari wa mlangoni alimpigia saluti hadi paka aliyepita.

Mwenyekiti alimsikiliza kwa huruma. Alikuwa mtu wa huruma nyingi, haikumgharimu kitu.

"Dada yangu, ingekuwa ni moyo wangu, ungeondoka sasa hivi. Lakini likizo ni haki ya mtu mwenye mkataba. Wewe mkataba unao?"

"Sijawahi kupewa, Mheshimiwa."

"Ndiyo hapo sasa!" alisema Mwenyekiti, akifungua viganja kama mtu aliyekuta mlango wa benki umefungwa. "Ungekuwa nao, hata mimi nisingeweza kukuzuia. Ningekuzuiaje? Sisi ndio tunafundisha watu mambo haya. Halafu huu ni msimu wa malengo. Ukiondoka, nani atayaandika?"

Bi Ratiba alishuka ngazi. Hakulia. Alikuwa na hasira, na hasira ilikuwa kitu kigeni kwake kiasi kwamba mwanzoni alidhani ni homa. Mwenyekiti mwenyewe amesema: ukiwa na mkataba, huzuiliki. Basi autafute mkataba. Na mahali pa kuutafuta palikuwa pamoja tu, kikaoni.

Kikao cha malengo kilifanyika kwenye ukumbi wa hoteli, kama kawaida. Viti vilivishwa vitambaa vyeupe na kufungwa utepe kiunoni, utadhani vinaolewa. Bango lilikuwa la zamani, mwaka mpya umebandikwa juu ya mwaka wa zamani kwa gundi. Mezani palikuwa na chupa za maji, peremende, na kalamu zenye nembo ambazo zilikataa kuandika. Mgeni rasmi alikuwa Afisa Kazi wa serikali, mzee mpole aliyealikwa kufungua kikao, akakifungua, kisha akabaki kwa sababu aliona watumishi wa hoteli wakipitisha masufuria makubwa.

Mwaka huo palikuwa na jasho la ziada. Makao makuu yalikuwa yametuma maagizo: kila kanda ionyeshe walau lengo moja lililotimia kwa asilimia mia moja, la sivyo uongozi wake utapitiwa upya. Kanda hii haikuwahi kuvuka sitini. Sitini ilikuwa namba yao, wameizoea, haina aibu na haina majivuno. Mwenyekiti alisoma maagizo hayo kwa sauti iliyonyong'onyea, kisha akauliza kama kuna mwenye lengo jipya, dogo, linalotimizika.

Ukumbi ukafa. Mhazini, mama mwenye kampuni ya usafi, aligundua doa kwenye kitambaa cha meza akaanza kulisugua. Bwana wa mashine za maji alifumba macho kabisa asije akasema kitu.

Bi Ratiba, kwenye kimeza chake cha pembeni, akanyoosha mkono.

"Ndiyo, Bi Ratiba, chai iko tayari?" aliuliza Mwenyekiti.

"Nina lengo, Mheshimiwa."

Watu waligeuka. Desturi haikusema chochote kuhusu mtendaji, kwa sababu haikumpitia mtu yeyote akilini kwamba naye anaweza kuwa na wazo. Sauti yake ilitoka nyembamba, ila ilitoka.

"Lengo langu ni kwamba umoja umpe mtendaji wake mkataba wa maandishi."

Afisa Kazi aliinua macho kutoka upande wa jikoni. Mwenyekiti alikunja uso, akafungua kinywa apate kusema kwamba suala hilo linahitaji kamati, na kamati inahitaji kamati ndogo. Ndipo Mhazini akamvuta shati, akamnong'oneza kwa mnong'ono ambao watu wa nyuma kabisa waliusikia.

"Mwenyekiti, amelitaja mwenyewe. Kazi ni yake. Na ni lengo dogo. Hili linaweza kufika mia!"

Niliambiwa uso wa Mwenyekiti ulichanua kama wa mtoto aliyesamehewa fimbo. Limepatikana lengo, lina mwenyewe, na mwenyewe si mmoja wao! Makofi yalilipuka. Wakala wa ajira alisimama akasema hajawahi kusikia lengo lililokaa vizuri kama hilo. Lilipitishwa kwa kauli moja, na kila aliyelipitisha alijisikia mwema.

"Sasa, Bi Ratiba, wewe ndiye msimamizi," alisema Mwenyekiti. "Tarehe ya kukamilika tuandike lini? Desemba?"

"Leo," alisema Bi Ratiba. "Kabla ya chakula."

Pakawa na mguno. Lakini Afisa Kazi alikuwa hapo, mpiga picha aliyekodiwa alikuwa hapo, na mia moja ilikuwa inanukia kuliko pilau la jikoni. Mwenyekiti akapata mzuka.

"Leteni mkataba wa mfano!"

Ulikuwepo, kwenye boksi la maonyesho mlangoni. Bi Ratiba mwenyewe ndiye aliyekwenda kuuchukua. Alirudi ameushika kwa mikono miwili, mbali na uso, kwa sababu machozi yalikuwa yanapanda na hakutaka yaiharibu ile karatasi. Mtu anaweza kupeleka posta bahasha za furaha ya wengine miaka yote hiyo asijue uzito wake mpaka siku ya bahasha yake.

Mwenyekiti aliujaza kwa kalamu yake binafsi, akasimama, akaanza kuusoma kwa sauti, kipengele baada ya kipengele. Alisoma vizuri, kama mtu anayesoma sifa zake mwenyewe. Alipofika kwenye likizo alipunguza mwendo ili ipate kusikika.

"Mwajiriwa atastahili likizo ya mwezi mmoja yenye malipo, baada ya kutimiza miezi kumi na miwili ya kazi tangu tarehe ya kusaini mkataba huu."

Bi Ratiba alinyoosha mkono tena.

"Samahani, Mheshimiwa," alisema. "Na ile miaka kumi na moja?"

Mwenyekiti alishusha karatasi. Kwa kweli hakuwa amefikiria. Alimtazama Mhazini, Mhazini akaitazama dari.

"Ile ilikuwa ya moyo, Bi Ratiba," alisema hatimaye. "Ya kujitolea. Umoja unaithamini sana. Lakini ukiangalia kwenye makaratasi, wewe ni mwajiriwa mpya."

"Tungeweza kuandika kwa mkono pale pembeni," Wakala wa ajira alijaribu, kisha akashtuka kusikia ametoa wazo, akajikohoza.

"Tusiuchezee," alisema Mhazini haraka. "Ndio mkataba tunaouza. Sisi wenyewe tukianza kuukwangua, waajiri watatuelewaje?"

Wote waliona hiyo ni hoja nzito. Hata Afisa Kazi aliitikia kwa kichwa polepole, akasema kwamba mambo ya namna hiyo yanaweza kuletwa ofisini kwake siku ya kazi, yeye huwa yupo asubuhi. Mwenyekiti akaendelea. Kipengele kilichofuata alikipenda kuliko vyote, wanachama wote walikipenda, kilikuwa ndicho kinachouza mkataba wenyewe, na alikisoma akitabasamu.

"Mwajiriwa mpya atakuwa katika majaribio kwa miezi sita. Katika kipindi hicho, upande wowote unaweza kuvunja mkataba huu wakati wowote, bila taarifa na bila kutoa sababu."

Walicheka kidogo, kicheko cha watu wanaofahamiana. Majaribio! Mwanamke anayejua nani kati yao hanywi kahawa, nani ana kisukari, nani anataka kukaa mbali na nani, leo anajaribiwa kama anafaa.

Bi Ratiba hakucheka. Alikuwa anamfikiria binti yake amelala ubavu, anahesabu mateke ya mtoto. Miaka yote watu walimwuliza, majirani, dada zake, mbona huachi kazi hiyo? Hakujua la kuwajibu, na sasa alijua. Angeacha nini? Kitu usichokuwa nacho huwezi kukiacha. Kila mwezi alibaki kwa sababu pengine mwezi ujao wangempa mkataba, na kuondoka kabla hujapewa ni kama kutoka kwenye foleni ukiwa umekaribia dirisha. Foleni yenyewe haikuwa na dirisha, ila hilo hulioni ukiwa umesimama ndani yake.

Alisaini. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, haukuyumba. Mwenyekiti alisaini, Mhazini alishuhudia, mhuri wa duara uligongwa. Mpiga picha aliwapanga, akawaambia wacheke. Mwenyekiti alimshika mkono Bi Ratiba mbele ya nembo ya mikono inayoshikana, akatangaza kwa sauti iliyotetemeka kwamba kwa mara ya kwanza katika historia ya kanda, lengo limetimia kwa asilimia mia moja, na hata saa ya chakula haijafika. Watu walisimama. Nadhani baadhi yao walikuwa wameguswa kweli, maana binadamu haeleweki.

Makofi yalipopungua Bi Ratiba alikuwa bado amesimama mbele.

"Nashukuru kwa mkataba," alisema. "Nimeuvunja."

Mwenyekiti aliendelea kutabasamu, kwa sababu uso ulikuwa haujapata habari.

"Umeufanyaje?"

"Nimeuvunja, Mheshimiwa. Umesoma mwenyewe, upande wowote, wakati wowote. Mwanangu anakaribia kujifungua. Mjukuu wa kwanza tulimpoteza mimi nikiwa kwenye semina yenu, nagawa peremende. Huyu nitakuwepo."

Alitoa funguo mkobani, zote, akaziweka mezani kati ya chupa za maji. Njiani baadaye alikumbuka mambo mengi mazuri ambayo angeyasema.

"Lakini chakula bado!" alisema Afisa Kazi kwa masikitiko ya kweli.

"Na kumbukumbu za kikao nani ataandika?" aliuliza bwana wa mashine za maji. Watu wote wakamgeukia. Alielewa alichokifanya, akakaa chini taratibu, na mtu akamsogezea kalamu.

Mhazini alikuwa na wasiwasi mwingine. Alimwinamia Mwenyekiti na kuuliza kama mia moja yao bado ni mia moja. Lengo lilisema apewe mkataba, akajibu Mwenyekiti, halikusema akae nao. Ikaandikwa hivyo, na ninavyosikia makao makuu waliwapongeza kwa barua.

Bi Ratiba alitoka nje kwenye jua. Viatu vya heshima vilikuwa vinambana, akavivua, akatembea peku juu ya sakafu ya veranda hadi kwenye ngazi za kushukia barabarani. Hapo ndipo hofu ilipomkuta. Hana kazi. Umri wake ule, nani atamchukua, na atampa barua gani ya kumtambulisha, ya nusu saa ya utumishi? Alikaa kwenye ngazi, na kwa muda alitamani kurudi ndani akaombe funguo zake. Angepewa, tena wangemsamehe kwa makofi.

Akapiga simu. Binti alipokea kabla haijaita mara ya pili.

"Mama? Umeongea nao? Wamekubali?"

"Nakuja. Nakata tiketi sasa hivi."

"Kweli? Mama, kweli?" Sauti ya binti ilipanda, kisha ikashuka, ikawa ya mtu aliyezoea kupewa mama kwa kipimo. "Umepewa siku ngapi?"

"Zote," alisema Bi Ratiba, akaufunika mdomo kwa kiganja ili mwanawe asimsikie akilia. "Zote, mwanangu."